Bunduki ya Mashoto

Margareth alizaliwa mashoto, na kwao Mwazye jambo hilo lilihesabiwa kuwa ukaidi. Akipeleka mkono wa kushoto kwenye ugali, bibi yake alimchapa vidole kwa mwiko. Akishika kalamu kwa kushoto, mwalimu aliufunga mkono ule mgongoni kwa kipande cha kanga mpaka kengele ya kutoka ilie. Basi akajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia na kusalimia kwa kulia, ili watu wamwache apumue. Lakini baba yake, Sebastiani, alipompeleka kulinda mahindi pembezoni mwa msitu, hakumkataza kurusha mawe kwa mkono autakao. Ngedere wa upande ule walimfahamu vizuri. Jiwe lake lilipita katikati ya mabua bila kugusa jani, likamkuta mwizi mgongoni.

Aliolewa, akamzaa Rozina. Mume akaenda Tunduma kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine. Margareth hakulia sana. Alimwacha mtoto kwa babu yake, akateremka bondeni, chini ya ukuta wa milima ya Lyamba lya Mfipa, kwenye kambi ya kampuni moja iliyokuwa na kitalu cha uwindaji. Akapewa kazi ya jikoni.

Hakukaa jikoni muda mrefu. Siku moja tumbili aliingia hemani akatoka na mkate wa wageni, akapanda nao mtini. Margareth aliokota kokoto, akairusha akiwa bado ameshika sufuria kwa mkono wa pili, na mkate ukaanguka chini. Mzee mmoja alikuwa amekaa nje ya hema lake akifunga kamba za viatu. Huyo alikuwa Christopha, mwindaji bingwa wa kambi, mtu wa maneno machache aliyewaongoza wageni wawindaji tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akasimama, akaenda kuliangalia lile tawi alikokuwa tumbili, akarudi.

"Mama, umewahi kushika bunduki?"

"Bado, mzee."

"Utaishika."

Ndivyo ilivyoanza. Christopha alimfundisha kusafisha silaha, kisha kuzibeba, kisha kulenga. Mwanzoni alimwekea kitako begani kulia, kama watu wengine, na risasi zikaenda kutafuta njia porini. Alipomruhusu kuweka begani kushoto, risasi zikaanza kutii. Tatizo likawa moja tu. Raifo zote za kambi zilikuwa na komeo la kupakia risasi upande wa kulia. Mtu wa kulia akishapiga, mkono wake uko pale pale penye komeo: anavuta, ganda linaruka, anasukuma, risasi ya pili iko tayari. Margareth ilimbidi auondoe mkono wake wa kushoto kwenye kifyatulio, aupitishe juu ya bunduki kwenda upande wa pili, avute, asukume, aurudishe, kisha ndipo alenge upya. Porini, mnyama aliyejeruhiwa hasubiri mtu amalize safari hiyo.

Alilisema hilo kila msimu. Alimwambia meneja wa kampuni, Benjamini, mtu nadhifu aliyekaa mjini Sumbawanga na kushuka kambini mara mojamoja kwa gari lenye kiyoyozi. Benjamini alikuwa akimsikiliza huku anaangalia simu.

"Margareth, bunduki si viatu, kwamba kila mtu aletewe saizi yake. Hizo za kushoto hazipo nchini. Fanya mazoezi."

Akafanya mazoezi. Akawa msaidizi wa Christopha, mwanamke pekee kambini aliyekwenda porini na silaha. Vijana wa kufuata nyayo za wanyama waliona fahari kutembea naye, na zaidi ya wote Shija, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe wao tangu yeye anabebwa mgongoni. Shija alisoma ardhi kama padri anayesoma Misale. Alimwita Margareth dada, naye Margareth alimtania kwamba mashoto na Msukuma wakikutana, kila kitu porini kinahama.

Siku ile mgeni mmoja alimpiga nyati vibaya, tumboni, na nyati akaingia kwenye kichaka kinene cha mianzi. Mgeni alikuwa ameonywa asipige, mnyama alikuwa mbali na amesimama mshazari. Akapiga. Christopha akabaki na mgeni upande wa juu, Margareth na Shija wakazunguka chini kuzuia asitokee kuelekea njia ya wachota maji. Nyati hakutokea walikomtarajia. Alikuwa amerudi nyuma, amewasubiri.

Risasi ya kwanza ya Margareth ilimpata begani. Hilo Christopha alilithibitisha baadaye alipompasua mnyama. Nyati akapepesuka, hakuanguka. Mkono wa Margareth ukapita juu ya bunduki kwenda upande wa pili, na wakati huo mfupi, wakati ambao mtu anaweza kupiga chafya, nyati akamfikia Shija. Risasi ya pili Margareth aliipiga mtutu ukigusa shingo ya mnyama, na yeye mwenyewe akatupwa pembeni mbavu zikivunjika. Nyati akafa. Shija aliishi mpaka walipofika nusu ya njia ya kwenda hospitali.

Uchunguzi wa kampuni ulifanywa na Benjamini mwenyewe, kwenye hema la chakula, na uliisha kabla chai haijapoa. Christopha alisema yote: mgeni alionywa, mnyama alipigwa vibaya, msaidizi alipiga sawasawa, ila silaha haikuwa ya mkono wake. Benjamini aliitikia kwa kichwa. Halafu akatoa uamuzi kwamba ajali ilitokana na "kasoro ya kimaumbile ya msaidizi katika kutumia silaha."

"Kasoro gani?" Margareth aliuliza, mbavu zimefungwa bendeji, akipumua kwa shida.

"Mkono wako, mama. Si kosa lako. Ndivyo ulivyoumbwa."

Akaachishwa kazi msimu haujaisha. Mkataba wa Christopha haukuongezwa. Mgeni alirudi kwao na pembe za yule nyati.

Margareth akapanda mlima, akapanga nyumba mtaa wa Kizwite, mjini Sumbawanga, akawa analima maharage na kuuza sokoni. Mbavu zikaunga. Kitu kingine hakikuunga. Alikuwa akichambua maharage, ghafla mkono wake wa kushoto unapita hewani kwenda kulia, kuvuta komeo ambalo halipo. Rozina, ambaye sasa alikuwa amekuja kuishi naye, alimwuliza, "Mama, unafukuza nini?" Akaurudisha mkono kwenye maharage.

Ndipo akaamua kwamba atakuwa na bunduki ya mkono wake. Hakutaka ya kufichwa, wala gobore la kuchongwa uchochoroni. Alitaka raifo halali, ya mtindo wa zamani aliopenda Christopha, mbao na chuma tu, itengenezwe kwa vipimo vyake yeye. Majirani waliposikia walidhani amerukwa na akili. Christopha, ambaye naye aliishi mjini Sumbawanga na kufuga nyuki, hakushangaa.

"Nenda Arusha," alimwambia. "Kuna fundi mwenye leseni, anaitwa Flavian. Kama amekufa rudi, maana mwingine simjui."

Flavian hakuwa amekufa. Alikuwa mzee mfupi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na karakana yake ilinuka mafuta ya kitani na vumbi la mbao. Alimpima Margareth kama fundi cherehani: urefu wa mkono kutoka kiwikoni hadi kidole cha shahada, upana wa bega, umbali wa shavu na jicho. Akampa fimbo ashike kana kwamba ni bunduki, akamwambia afumbe macho, aiinue, ayafumbue. Margareth akafanya hivyo mara kadhaa huku fundi akisahihisha alama kwenye ubao.

"Kibali ulete kwanza, ndipo nianze," alisema. "Komeo la kushoto nitaliagiza nje, linachukua muda. Na wewe unatokea wapi, mama?"

"Sumbawanga."

"Ala! Huko kwenu mashoto mmejaa? Nimewahi kutengeneza moja ya kushoto ikaenda hukohuko. Nzuri sana. Miaka mitatu sasa."

Margareth alikuwa ameshika ile fimbo bado. "Ilikwenda kwa nani?"

"Kampuni ya uwindaji. Wana mgeni wao tajiri, mashoto, anakuja kila baada ya muda kuwinda kwenye kitalu chao kingine. Meneja alikuja mwenyewe kuichukua. Benjamini, nadhani. Alisema ataitunza kwenye kabati lake la chuma mjini."

Shija alikuwa amekufa mwaka uliopita.

Margareth aliiweka fimbo chini taratibu, kwa sababu kama asingeiweka angeivunja. Aliomba maji. Flavian akamletea akidhani ni joto. Njia nzima ya kurudi, basi likipita Dodoma, Iringa, Mbeya, alikuwa na picha moja tu kichwani: bunduki ya mkono wa kushoto imelala kwenye kabati mjini Sumbawanga, imepakwa mafuta, imefungiwa, huku yeye anaambiwa afanye mazoezi. Hazipo nchini! Ilikuwepo. Ilikuwa karibu kiasi kwamba gari lenye kiyoyozi lingeifikisha kambini kabla ya chakula cha mchana.

Hakwenda nyumbani. Aliposhuka stendi alipanda gari jingine la kuteremka bondeni, akamtafuta mama yake Shija.

Alimkuta zizini, anakamua. Margareth hakuwahi kufika kwenye mji ule tangu msiba, kwa kuwa siku ya maziko alikuwa amelazwa, na baadaye alitumiwa ujumbe kwamba familia haitaki kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Shija aliendelea kukamua mpaka kibuyu kikajaa povu. Kisha akasema bila kugeuka, "Nilijua siku moja utakuja. Tuliambiwa ulitupa bunduki ukakimbia."

"Nani aliwaambia?"

"Yule wa kampuni. Alikuja na mchele na sukari. Akasema wewe ndiye uliyeomba tusikuone, unaona aibu."

Margareth akasogea karibu naye. Alifungua vifungo vya juu vya blauzi, akamwonyesha kovu lililotoka chini ya titi mpaka mgongoni, ambako mbavu zilipasua ngozi. "Mama, sikukimbia. Shija alinifia mapajani, kwenye gari. Aliniuliza kama nyati amekufa, nikamwambia amekufa. Akasema vizuri. Hakusema kingine."

Mama Shija aliweka kibuyu chini. Alikaa kwenye boriti ya zizi, ng'ombe wakipita kati yao. Margareth akamweleza habari ya Arusha: fundi, kabati, bunduki ya mgeni. Alieleza vibaya, akirukaruka, sauti ikimpasuka. Mama Shija alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mgeni mwenye bunduki yake, siku ile alikuwepo?"

"Hakuwepo hata nchini."

"Kwa hiyo ilikuwa imelala."

"Ilikuwa imelala, mama."

"Mwanangu anakufa, nayo imelala." Akasimama, akakung'uta kanga. "Hicho kibali unachotaka kinaombwa wapi?"

Kinaanzia serikali ya mtaa. Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya mtaa pale Kizwite, chumba kidogo chenye mabenchi, upepo wa nyanda za juu ukipigapiga mabati. Mwenyekiti, Wilibrodi, alikuwa mwungwana aliyeogopa lawama. Alifungua kwa kusema kwamba ombi la Mama Rozina ni la kipekee, na kwa kuwa aliwahi kufanya kazi na silaha, kamati imeona imwalike mwajiri wake wa zamani atoe maoni. Na Benjamini alikuwepo, amekaa mbele, miguu amekunja, viatu vinang'aa.

Mjumbe mmoja akauliza mwanamke anataka bunduki ya nini. Mwingine akauliza, "Si ndiye yule aliyemwua Msukuma kwa sababu ya kushoto?" Watu wakacheka kidogo, cheko lile la watu wasiojua wanacheka nini. Margareth akajibu kwamba ana shamba Mwazye linaloliwa na nguruwe pori, ana ujuzi, hana kosa lolote polisi, na kwamba hakumwua mtu.

Benjamini akainuka. Aliongea kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya. Hana chuki na dada Margareth. Alikuwa mchapakazi. Lakini jambo hili linahusu usalama wa wakazi, na historia ipo, na historia hiyo ni ya kusikitisha. Angeshauri kamati itumie busara.

"Historia gani?"

Sauti ilitoka benchi la nyuma. Mama Shija alikuwa amekaa pale tangu mwanzo, na hakuna aliyemtambua. Akasimama.

"Mimi ndiye mama wa huyo Msukuma mnayemcheka."

Wilibrodi akavua kofia.

"Nina swali moja tu, baba," alimwambia Benjamini. "Siku mwanangu anakufa, kwako kulikuwa na bunduki ya mkono wa huyu mama?"

"Mama, pole sana. Masuala ya silaha ni ya kitaalamu, si ya kuzungumza hapa..."

"Ilikuwepo, haikuwepo?"

"Mazingira ya kazi zetu..."

"Baba. Nimetoka bondeni na mguu unaniuma. Ilikuwepo?"

Benjamini akamwangalia mwenyekiti amsaidie. Mwenyekiti alikuwa anaangalia kofia yake. Ndipo Benjamini, akiwa amechoka kuulizwa na mwanamke mzee mbele za watu, akasema kwa hasira, "Ile ilikuwa ya wageni!"

Alipoisema akajua ameisema. Akataka kuendelea, gharama yake, mkataba na mteja, bima, lakini watu walikuwa wameanza kunong'ona na minong'ono ikapanda. "Kwa hiyo ipo!" mtu akapaza sauti. Yule mjumbe aliyeuliza habari ya kushoto aliinamisha uso. Margareth alikuwa amejiambia kwamba siku hii ikifika atapiga kelele, atamwita kila jina baya analolijua. Hakuweza. Alisema tu, "Nilikuomba kila msimu, Benjamini. Kila msimu!" Akakaa.

Kamati ikapitisha ombi. Baadaye likaenda kata, likaenda wilayani, likaenda polisi, na kila ngazi ilikuwa na swali lake la kumchoma mtu moyo. Mahali pamoja aliulizwa kama mume ameridhia. "Mume yuko Tunduma, ameridhika na mwingine," alijibu, na aliyeuliza hakuuliza tena. Aliuza maksai zake na kiwanja alichokuwa amekitunza kwa ajili ya uzee. Rozina alinung'unika kuhusu kile kiwanja, na alikuwa na haki ya kunung'unika.

Mvua zilikuja zikaisha kabla fundi hajapiga simu. Christopha alisema lazima amsindikize, wakaenda Arusha pamoja. Flavian aliitoa bunduki kwenye kitambaa cha flaneli, akaiweka mezani, akasogea pembeni.

Kitako kilikuwa cha mti wa jozi, mishipa yake ikizunguka kama moshi, kimepakwa mafuta mpaka kina joto machoni. Hakuna nakshi, hakuna darubini, mkanda wa ngozi tu na chuma cheusi kisichong'aa. Komeo liliinama upande wa kushoto. Christopha, aliyeona bunduki nyingi maishani kuliko alivyoona sikukuu, alipitisha kidole mahali mbao inapokutana na chuma, akatafuta ufa, akaukosa. "Fundi," alisema, "umefanya kazi."

Walikwenda kwenye uwanja wa kulengea shabaha. Margareth akaiinua. Hakuitafuta kwa shavu, hakuivuta wala kuisogeza. Ilikuja ikakaa, na jicho lake likakuta limeshafika kwenye alama. Akapiga. Mkono ukashuka kidogo, ukavuta, ukasukuma, akapiga tena, na mlio wa kwanza ulikuwa bado unazunguka vilimani.

"Zote mbili katikati," Christopha alisema, akiwa na darubini machoni. Alipogeuka alimkuta Margareth ameishusha bunduki, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Flavian alidhani ni furaha, akatabasamu.

"Ni rahisi hivi?" Margareth alisema. "Mzee Christopha, ni rahisi hivi? Kumbe ni kitu chepesi kiasi hiki! Na mtu akafa!"

Christopha alimpokea bunduki, akatoa risasi zilizobaki, akamwacha alie.

Sasa silaha imesajiliwa, inakaa kwenye sanduku la chuma lililofungwa ukutani, na Margareth huipeleka Mwazye na kuirudisha kwa mujibu wa kibali. Nguruwe pori wamepungua kwenye mahindi ya Sebastiani, ambaye ni mzee sana na hufurahia kusimuliwa. Familia ya Shija imefungua madai dhidi ya kampuni. Margareth na Christopha ni mashahidi. Shauri limeahirishwa na kuahirishwa, na kila mara Mama Shija hupanda mlima na mguu wake mbovu, hulala Kizwite kwa Margareth, na asubuhi huenda wote mahakamani.

Msimu wa uwindaji ulipokaribia, Benjamini alipiga simu. Sauti yake ilikuwa laini. Alisema yaliyopita si ndwele, kampuni ina wageni wengi mwaka huu, wawindaji wenye uzoefu wameadimika. Angependa dada Margareth arudi kazini, kwa cheo cha juu zaidi. "Na zaidi, sasa unayo bunduki yako mwenyewe."

Margareth alimwacha amalize.

"Nenda bondeni," alisema. "Wakusanye watu wale wale uliowaambia kwamba nilikimbia. Waambie hukusema kweli. Waambie ilikuwepo, ulikuwa na ufunguo wake mfukoni. Ukishamaliza, usinipigie. Mimi sirudi. Waambie tu kwa sababu wanapaswa kujua."

Simu ikakatika. Rozina, aliyekuwa anapepeta maharage mlangoni, aliuliza ni nani. Margareth alimwambia. Binti akasonya sonyo refu, akarusha makapi nje kwa nguvu hata kuku wakatawanyika, na mama yake akavuta kigoda akakaa karibu naye, akatwaa ungo wa pili.